Nusu ya Buni

Watu wa ufuko ule waliiita Sufuria, na hawakukosea sana. Ilikuwa mashua ya alumini, nyeupe, nyepesi, yenye kelele. Ukidondosha msumari ndani yake, ndege wote wa ziwani waliruka. Mwenyewe alikuwa Mwingereza mmoja mpenda uvuvi ambaye watu walimwita Bwana Ndoano. Aliiagiza kwao pamoja na mota ndogo ya kufunga nyuma, inayokwenda kwa betri, ili afuate samaki polepole bila kuwashtua. Wavuvi wa Muleba, waliozoea mitumbwi ya mbao za kushona, walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kuvua kwa umeme! Kisha siku moja wakaacha kucheka, na hata kuitazama mashua wakaacha.

Zahoro hakujua ni kwa nini. Yeye alikuwa fundi wa redio na betri kule Bakoba, mjini Bukoba, kazi aliyojifunza jeshini wakati wa vita. Babu yake alitoka pwani na msafara wa wafanyabiashara, akaoa Bukoba, akazikwa Bukoba. Kwa hiyo Zahoro alisema Kiswahili nyumbani na Kihaya sokoni, na aliamini kwamba anazijua mila za pande zote mbili barabara. Ukweli ni kwamba za upande mmoja alizijua nusunusu, kama mtu anayejua wimbo kwa kiitikio tu.

Alikuwa na mtoto mmoja, Asha, wa miaka sita. Waliomtangulia walikuwa wawili na wote walizikwa wachanga, na Zahoro alimpenda huyu kwa woga. Ulikuwa mwaka ule Malkia alipovishwa taji, na Asha alikuwa na kikombe cha shule chenye picha yake ambacho hakuruhusu mtu mwingine yeyote akinywee. Mchana ule alimsindikiza baba yake hadi mlangoni.

"Baba, utaniletea nini?"

"Samaki wa umeme."

"Anauma?"

"Anauma wasiosikiliza mama zao."

Asha aliamini. Zahoro akapanda lori akiwa bado anatabasamu.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka lori lilipomwacha njiani, chini ya mlima wa Kamachumu. Dereva alimwambia kwamba atarudi wakati wa magharibi na magunia ya kahawa, na kwamba hangojei mtu. Maagizo ya Bwana Ndoano yalikuwa mafupi: nyaya za mota zimechakaa, toa zote, weka mpya, ijaribu majini, mtunza mashua atakuwepo. Bwana mwenyewe hakushuka ufukoni. Alisema ana homa.

Mtunza mashua alikuwepo kweli. Alikaa mbele ya mashua, ambayo nusu yake ilikuwa majini, mwanamume mwembamba aliyejifunika shuka la kaniki. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani.

"Waitu, habari za hapa," Zahoro alimwamkia kwa heshima ya Kihaya.

"Nzuri, fundi. Nilikuwa nakungoja."

Sauti yake ilikuwa ya chini. Zahoro akafungua mkoba wake, akaishusha mota na kuilaza kwenye magoti, akaanza kulegeza skrubu. Alipovuta nyaya za zamani kutoka kwenye bomba lake, mikono ikasita.

Shaba yote ilikuwa imeoza. Haikuchakaa, ilioza... ikawa unga wa kijani uliomwagika kama tope kavu. Ndani ya ganda la waya hapakuwa na waya.

"Bwana alisema juzi mota hii ilizunguka," Zahoro alisema.

"Ilizunguka."

"Haiwezekani. Hizi hazijapitisha umeme tangu mvua za mwaka jana."

Mtunza mashua alitazama maji. Zahoro akaamua kwamba Bwana Ndoano ni mwongo, jambo lililompa raha kidogo, akaendelea na kazi. Alipima waya mpya, akakata, akamenya ganda kwa kisu. Kisu kikateleza. Kikamkata kidole cha shahada, kata ndefu, na damu ikadondoka kwenye sakafu ya alumini. *Ti. Ti.* Ilisikika kila tone.

Yule mtu akageuka kwa mara ya kwanza.

"Pole," alisema. Akaingiza mkono ndani ya shuka, akatoa buni moja kavu, ile ya kutafuna ambayo kila nyumba ya Wahaya humkaribisha nayo mgeni. "Tafuna. Maumivu yatapungua."

Akaipasua kwa kucha. Nusu akaifuta polepole kwenye kidole cha Zahoro kinachotoka damu, akaitia kinywani mwake mwenyewe. Nusu ya pili akaishikilia kidogo tumboni, chini ya shuka, kisha akamnyooshea Zahoro.

Zahoro aliona kinyaa. Lakini buni haikataliwi. Tangu mtoto alifundishwa hivyo na mama yake: ukipewa, pokea kwa mikono miwili, tafuna, shukuru. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba ni mchawi. Alishangaa tu kupewa nusu, akadhani ni uchoyo wa watu wa shamba. Akapokea kwa mikono miwili. Akatafuna.

Ilikuwa na ladha ya maji ya ziwa.

Alipomaliza kuunga nyaya na kuzizungushia utepe mweusi, ukungu ulikuwa umeanza kutambaa juu ya maji. Walisukuma mashua, wakapanda. Zahoro akabonyeza swichi na mota ikanguruma vizuri, sauti laini ya kazi safi, na kwa kitambo kidogo alijivuna. Wakaenda mpaka pale ambapo matete yanaishia.

"Inatosha," alisema. "Turudi. Lori litaniacha."

Akazima swichi.

Mota iliendelea.

Akabonyeza tena. Akawasha, akazima, akawasha, akazima. Propela ilikata maji taratibu, vilevile, bila kujali. Akacheka kidogo kwa aibu, akasema kwamba pengine swichi imeshikana. Akachukua koleo, akachomoa waya wa betri. Wa kwanza. Halafu wa pili. Akaziinua zote mbili hewani, mbali na betri, mbali na kila kitu.

Mota iliendelea.

Mashua ilikuwa inapinda. Pole pole ilizunguka duara, ikamaliza, ikaanza lingine, mahali palepale. Ukungu ulikuwa umeshafunga ufuko. Hapakuwa na nchi kavu, hapakuwa na mbingu. Palikuwa na lile bakuli la alumini, watu wawili, na harufu... harufu ya samaki aliyesahauliwa juani.

Zahoro alishika kafi lililokuwa sakafuni, akapiga kasia kwa nguvu zake zote. Kafi lilizama kama kwenye uji mzito. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa vitani, kwa sababu vitani kulikuwa na mahali pa kukimbilia.

"Ni hapa," yule mtu alinong'ona.

"Hapa pana nini?"

"Hapa nilipoanguka. Bwana alikuwa anazunguka hivi hivi. Nilimwomba mkono. Aliogopa nitampindua. Akazunguka... akazunguka... akinitazama."

Shuka lilimteleza begani. Tumbo lake lilikuwa jeupe, limekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Kando ya kitovu palikuwa na chale, mbichi, wazi. Haikutoa damu. Ilitoa maji.

Hapo Zahoro akakumbuka. Alikumbuka arusi ya mjomba wa mkewe, wazee wawili wakisimuliana juu ya omukago, udugu wa damu: buni moja hupasuliwa, kila mmoja huchanja kitovuni, kila mmoja humeza nusu yenye damu ya mwenzake. Tangu siku hiyo hawanyimani. Akija usiku, unafungua. Akiwa na njaa, unatoa cha mtoto. Nyumba yako ni yake. Anayevunja huvimba tumbo akafa. Zahoro alisikiliza hadithi ile huku akila pilau, akasema moyoni kwamba ni mambo ya zamani.

Akaingiza kidole kooni. Akatapika pembeni ya mashua. Hakikutoka kitu ila maji, mengi, ya baridi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba.

"Haitoki, ndugu yangu," yule mtu alisema bila chuki yoyote. "Asiye na ndugu huko juu hatoki huku chini. Sasa ninaye."

"Nirudishe," Zahoro alisema. Alikuwa analia. "Nina mtoto. Nakuomba, nirudishe nyumbani."

"Nyumbani kwetu?"

Mota ikapunguza mwendo, kama inayosikiliza.

Alielewa swali. Tusimtetee, alielewa vizuri kabisa. Alimwona Zabibu, mkewe, akipepea jiko. Alimwona Asha na kikombe chake. Alijua kwamba mtu mwenye moyo angenyamaza, angezunguka pale hadi betri, mota, na yeye mwenyewe vioze vyote kuwa unga wa kijani. Lakini maji yalikuwa meusi, na yalikuwa karibu.

"Ndiyo," alinong'ona. "Nyumbani kwetu."

Mota ikanyamaza.

Mashua iligusa mchanga. Ukungu ulikuwa umepungua, na mbele ya mashua hapakuwa na mtu, ila shuka la kaniki lililolowa. Mama mmoja mzee alikuwa anaanua samaki wake wa kukausha. Alimtazama Zahoro akitambaa kutoka ndani ya Sufuria, akaweka kikapu chini.

"Nani kakutuma kwenye hicho chombo, mwanangu?"

"Mwenyewe. Alisema kuna mtunza mashua."

"Alikuwepo. Karugendo, mtoto wa dada yangu. Ziwa lilimchukua, na hatujapata hata kucha ya kuzika." Kokuhirwa, maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, akasogea karibu na kushusha sauti. "Umekula kitu huko?"

Barabarani honi ya lori ikalia.

"Hapana, mama," Zahoro alisema.

Mzee akamtazama kidole. Aliinua kikapu chake, akakikumbatia kifuani, akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye migomba.

Njia nzima Zahoro alikaa juu ya magunia, akijiambia maneno ya fundi. Swichi mbovu. Homa. Damu kupanda kichwani. Lori lilipoingia Bukoba taa za maduka zilikuwa zinawaka, watu wanatoka msikitini, mtu anamtania mwenzake kuhusu kofia yake. Kila kitu kilikuwa cha kawaida hivi kwamba alitaka kucheka. Alikimbia mpaka Bakoba. Alipanga kumchukua Zabibu na mtoto usiku uleule, wahamie kwa shemeji yake kule Izimbya, mbali na ziwa.

Zabibu alimpokea mlangoni. Alikuwa amevaa kanga yake ya wageni.

"Baba Asha," alinong'ona, "mbona hukuwahi kuniambia una ndugu wa omukago?"

Zahoro alishika mwimo wa mlango.

"Amekuja magharibi. Amelowa chapachapa. Kanionyesha chale ya kitovuni, kaniambia umejikata kidole cha shahada mkono wa kulia." Akatazama kidole. "Kumbe kweli. Sasa ningemzuiaje? Nimempa chakula, hataki. Anataka maji tu. Mtungi mzima umekwisha."

"Yuko wapi?"

"Chumbani kwa Asha. Wamependana sana. Amempa hata kikombe cha Malkia akinywee."

Sakafu ya ukumbi ilikuwa na maji. Hayakuwa mengi, alama za nyayo tu, moja baada ya moja, mpaka kwenye pazia. Zahoro alizifuata. Moyo wake ulikuwa unamwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba mtoto awe amelala.

Pazia likasogea. Asha akatoka, macho yanang'aa.

Alikuwa anatafuna.

"Unakula nini?" Zahoro aliuliza. Sauti haikuwa yake.

"Buni. Baba mdogo alikuwa nayo moja tu, tukagawana." Akainua kidole chake kidogo cha shahada. Kilikuwa na mkato mwembamba, nadhifu, uliokwisha kukauka. "Hakikuuma. Nilipokea kwa mikono miwili, Baba. Nikashukuru."

Zahoro akapiga magoti, akamkumbatia. Alikuwa wa baridi. Nywele zake zilinuka matete.

Nyuma ya pazia, gizani, kitu kilianza kunguruma. Sauti laini. Ya kazi safi.

"Baba mdogo anakuita," Asha alisema, akamvuta taratibu. "Anasema safari hii wewe ndiye utakayempa mkono."

Zahoro alimtazama mwanawe, kinywa chake kidogo kikiendelea kutafuna. Kisha akaingia.