Rufaa ya Goti la Jerotich

Kila Jumamosi asubuhi Jerotich hupika chapati nyumbani kwake Germantown, Marekani. Mumewe, Kimutai, hukunja nguo za watoto sebuleni. Nyumba yao ni nyembamba, ya ghorofa tatu. Jerotich anaipenda yote isipokuwa ngazi. Huzishuka ubavu ubavu, ameshika ukuta, kwa sababu goti lake la kulia halikunjiki vizuri.

Goti hilo aliliumiza jeshini. Alikuja Marekani kutoka Eldoret akiwa na miaka ishirini na miwili. Akajiunga na jeshi, akawa fundi wa malori. Siku moja aliteleza juu ya lori, akaangukia goti kwenye sakafu ya saruji. Hakwenda zahanati. Karakana nzima ilikuwa na wanawake wawili tu, na hakutaka kuitwa mdhaifu. Alifunga bandeji, akaendelea na kazi.

Sasa ni miaka tisa tangu atoke jeshini. Anatengeneza mabasi ya shule, na kazi yake anaipenda. Lakini hawezi tena kupiga magoti chini ya gari. Msimamizi wake amemwambia kwa upole kwamba huenda akahamishiwa stoo. Jerotich hataki stoo.

Aliomba fidia ya ulemavu kama mwanajeshi wa zamani, ili pia atibiwe goti. Akakataliwa. Akakata rufaa mwenyewe. Mwezi wa tatu barua ya pili ilikuja, nayo ilisema hapana. Aliisoma mistari ya kwanza tu, akaitupa juu ya friji.

Jumamosi moja baada ya barua hiyo, jirani yao Makeda alikuwa amekuja kunywa chai. Makeda ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, kisha akafundisha Iringa miaka miwili. Jerotich alijua anafanya kazi ofisini, lakini hakuwahi kuuliza ni ofisi gani.

"Goti linakusumbua leo, dada," Makeda alisema.

"Linamsumbua kila siku," Kimutai alijibu. "Serikali imemkatalia mara mbili. Sasa amekata tamaa."

"Kimutai, hayo ni ya nyumbani," Jerotich alisema.

Makeda aliweka kikombe chini. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Niko katika chama cha wanajeshi wa zamani. Nimeidhinishwa na serikali kuwasaidia watu kwenye madai kama hayo. Hatutozi kitu. Naomba niione barua."

Jerotich alisita. Kisha akanawa unga mikononi, akaichukua.

Makeda hakuanza na ukurasa wa kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye sababu, akasoma polepole.

"Umeisoma sehemu hii?"

"Nilipoona wamekataa, niliacha."

"Basi sikiliza. Mwamuzi anatafuta mambo matatu. La kwanza, una ugonjwa au jeraha sasa hivi? La pili, kuna jambo lililotokea ukiwa jeshini? La tatu, hayo mawili yanahusiana? Hapa wameandika kwamba goti lako ni bovu kweli. Hilo umeshinda. Wanasema hawaoni ushahidi kwamba ulianguka, na daktari wao anasema goti limechakaa tu."

"Lakini nilianguka. Mimi ndiye niliyeanguka."

"Nakuamini. Faili lako halisemi hivyo. Mara ya pili uliomba nini?"

"Niliomba mkubwa wao aliangalie dai langu tena."

"Njia hiyo ipo. Lakini mkubwa husoma karatasi zilezile. Huruhusiwi kuongeza ushahidi mpya. Inafaa pale unapoona mwamuzi wa kwanza alikosea. Kwako wewe, karatasi ndizo zilizopungua."

Jerotich alivuta kiti, akakaa. "Sasa niende kwa jaji?"

"Unaweza. Kuna bodi yenye majaji, na unaweza kuomba kuzungumza na jaji ana kwa ana au kwa video. Ila foleni yake ni ndefu. Njia ya tatu ni kupeleka dai la nyongeza, lenye ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe. Nadhani hiyo ndiyo yako. Lakini usichelewe. Una mwaka mmodi tangu tarehe ya barua hii. Ukiupitisha, unaweza kupoteza malipo ya nyuma, yanayohesabiwa tangu ulipoomba mara ya kwanza."

"Ushahidi mpya niutoe wapi? Sikwenda hata zahanati."

"Nani alikuona ukianguka?"

"Sebastian. Fundi mwenzangu, ndiye aliyeniinua."

Jioni alimpigia Sebastian, ambaye siku hizi anaishi Texas. Hawakuwa wameongea kwa miaka minne. Sebastian alikumbuka mpaka rangi ya bandeji. Aliandika taarifa fupi kwenye fomu aliyotumiwa na Makeda: alichokiona, wapi, mwaka gani, na jinsi Jerotich alivyochechemea wiki nzima. Kimutai naye aliandika jinsi goti lilivyomsumbua mkewe tangu walipooana.

Kisha Jerotich akaenda kwa daktari wa mifupa. Makeda alikuwa amemwelekeza vizuri.

"Mpelekee taarifa zote azisome kwanza," alimwambia. "Aeleze maoni yake na sababu. Hahitaji kuapa kwamba ana uhakika. Inatosha aseme uwezekano kwamba kule kuanguka ndiko kulikoharibu goti ni angalau nusu kwa nusu."

"Na daktari wao aliyesema hapana?"

"Mwamuzi atawapima wote wawili, nani ametoa sababu nzuri zaidi. Na mizani ikilingana, sheria inasema mwanajeshi ndiye anayepewa."

Walipeleka dai mwezi wa sita. Mwezi wa kumi na moja barua ikaja. Jerotich aliifungua akiwa amesimama mlangoni, na safari hii akaisoma yote. Mwamuzi alikuwa amekubali kwamba alianguka, kwa sababu taarifa ya Sebastian ilikuwa na mambo mengi ya kuaminika. Daktari wake alikuwa ameeleza jinsi pigo la zamani lilivyoharibu goti. Dai limekubaliwa.

Alikaa chini palepale mlangoni. Kimutai alidhani ameanguka, akaja mbio. Jerotich alimpa barua.

Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka alianza mazoezi ya goti kwa mtaalamu, akapewa mkanda maalumu wa kulishikilia. Karakana ya mabasi ilimnunulia ubao wa magurudumu madogo wa kulalia na kutelezea chini ya basi. Hakuhamishiwa stoo.

Alimpigia Sebastian kumshukuru.

"Nimefurahi sana," Sebastian alisema. "Mimi mgongo wangu waliukataa mwezi wa nane. Nikaachana nao."

"Barua yako iko wapi?"

"Nadhani iko kwenye gari."

"Nenda kailete," Jerotich alisema. "Tafuta ukurasa wenye sababu, unisomee. Sikati simu."