Kisigino cha Maurine na Isukuti ya Vidole

Tu! Kimya. Tu! Kimya. Kisha sufuria ikaanguka, kwangala!

Majogoo wa Khayega walikuwa bado hawajawika. Maurine alisimama gizani kwa mguu mmoja, akiwa ameshika ukuta, akiomba Kukhu, nyanya yake, asiamke.

"Maurine, ni wewe?" Kukhu aliita kutoka chumbani.

"Ni mimi, Kukhu. Nawasha moto."

Kisigino chake cha kulia kilikuwa kikimchoma kama aliyekanyaga msumari. Hatua za kwanza za asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Lakini hakuwa amemwambia mtu. Jumamosi, chama cha wapanda milima cha shule yao kingepanda kilima cha Lirhanda, na Mwalimu Osiako alikuwa ameonya, "Anayeumwa abaki nyumbani."

Maurine hakutaka kubaki. Kila jioni alikuwa akipanda na kushuka mteremko wa mtoni, begi lake limejaa mawe, miguuni amevaa raba zilizolika soli kiasi kwamba akikanyaga punje ya hindi angeweza kukwambia kama ni nyeupe au ya njano.

Kukhu alipoingia jikoni, alimkuta akitembea kwa ncha za vidole.

"Mbona unatembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto?"

"Nafanya mazoezi ya ngoma ya isukuti, Kukhu. Ni mtindo mpya. Siku hizi tunacheza kwa vidole."

"Sisi tulicheza kwa mabega," Kukhu alisema, akimtazama kwa muda. "Haya, dunia inabadilika." Akamwekea kiazi kitamu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Shuleni, Shikanga, mpiga ngoma wa Gredi ya Saba, alimwona akivuka uwanja kwa vidole. "Wee Maurine, umeibiwa visigino?"

"Ni isukuti mpya," Maurine alijibu. Uongo wa asubuhi ulikuwa bado uko mdomoni.

Shikanga alipenda sana. Wakati wa mapumziko alileta ngoma, na nusu ya darasa ikawa inarukaruka kwa vidole katikati ya vumbi. Nehemiah alipoteza mizani akaingia kichwakichwa kwenye ua wa michongoma. Mwalimu Cherotich, aliyefundisha muziki, akaja mbio.

"Nani amebuni mtindo huu?"

Vidole vyote vilimwelekea Maurine.

"Hongera, binti! Jumamosi tuna wageni. Wewe utaongoza ngoma. Nitamwambia Mwalimu Osiako akutoe kwenye ile safari ya Lirhanda."

Maurine alihisi maumivu yakipanda kutoka kisiginoni mpaka moyoni.

Jioni alimkuta Kukhu amemwekea kigoda na karai la maji.

"Kaa hapa, mwanangu. Huo mtindo wenu mpya, mbona unachezwa na mguu wa kulia peke yake?"

Maurine akaangua kilio, akasema yote. "Kumbe ulijua, Kukhu?"

"Mdomo wako ulisema isukuti, lakini uso wako ulisema, 'Mama yangu, nakufa!' Nilikuwa nakusubiri uniambie mwenyewe."

Kesho yake walikwenda kwenye zahanati. Nesi Risper alikibonyeza kisigino mara moja tu, na Maurine akapiga yowe hata mtoto mmoja aliyekuwa akingojea sindano akachomoka mlangoni kama mshale, mama yake akimfuata.

"Chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni," Nesi Risper alieleza. "Umeuchosha kwa mawe, mteremko na raba zisizo na soli. Upumzishe. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu taratibu kuelekea kwako. Jioni, viringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo. Na utafute viatu vyenye soli nene."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi utaiona Lirhanda ukiwa umekaa."

Maurine aliwaeleza walimu wake ukweli. Mwalimu Cherotich alicheka mpaka akafuta machozi. Mwalimu Osiako alikuna kichwa. "Na mimi nilikosea. Niliposema anayeumwa abaki, niliwafundisha kuficha. Mwisho wa muhula tutapanda tena. Ukipona, nafasi yako ipo."

Jumamosi ilikuwa ndefu. Maurine alikaa barazani akiviringisha chupa, huku nyuki wakipanda na kushuka maua ya maboga bila kuumwa visigino. Jioni Shikanga alipita, akamkabidhi kijiwe kutoka kileleni. "Usikitie kwenye begi," alionya.

Muhula ulipokwisha, Maurine alipanda Lirhanda polepole, akiwa amevaa viatu vya mtumba ambavyo Kukhu alivichagua sokoni kwa kubonyeza soli kama anayechagua parachichi. Kileleni alikanyaga kwa visigino vyote viwili, msitu umetanda chini yake.

Wakati wa kurudi alipita zahanati kushukuru.

"Ungesema siku ya kwanza, pengine ungepumzika kidogo tu ukapanda na wenzako," Nesi Risper alimwambia. "Ulipoficha, uliumia zaidi na mlima ukaukosa. Mwili ukiuma, mwambie mtu mzima, hata kama unaogopa kuachwa."

Kisha akamsindikiza hadi mlangoni. "Uje tena kunitembelea, Maurine. Lakini usije na yowe. Yule mtoto wa sindano mpaka leo hajarudi!"