Kibonyeo cha Nne cha Tomfearn

Jumamosi saa sita mchana, duka la mikate la Barabara Kuu mjini Elgin hujaa utadhani mikate inagawiwa bure. Innes Cattanach alikuwa amesimama foleni dakika ishirini, koti limelowa chapachapa, macho hayabanduki kwenye pai ya makaroni iliyobaki peke yake nyuma ya kioo. Zamu yake ilipofika akanyoosha kidole.

"Hiyo ya makaroni, mama."

Nyuma yake mtu akaguna, tena si mguno wa adabu.

"Kaka, hivi wewe una huruma kweli?" sauti ya kike ikasema. "Nimetoka Rothes na mvua yote hii kwa ajili ya hiyo pai."

Innes akageuka. Aliona ovaroli ya buluu iliyotobolewa na cheche za moto, skafu nyekundu shingoni, vidole vyeusi kwa masizi, na macho ya kijivu yaliyokuwa yakimcheka waziwazi.

"Tugawane," akasema kabla hajafikiri.

"Nusu ya pai ni matusi."

"Basi chukua yote. Mimi nitakutazama ukila."

"Hayo sasa ndiyo matusi yenyewe!" Msichana akacheka, kisha akasogea na kulinusa koti lake bila haya. "Ngoja kwanza. Peasi, na uji wa shayiri. Wewe ni mkenekaji, mpika wiski. Kiwanda cha Tomfearn, sivyo?"

Katika mji ule watu hunusa glasi za wiski kutwa nzima, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kulinusa koti la Innes akataja mahali anapofanya kazi. Alipenda papo hapo, na hata hakujaribu kujizuia. Wakala nusu kwa nusu chini ya mwavuli mmoja. Yeye ni Morven Geddes, akasema, fundi wa shaba katika karakana moja ya Rothes, na Jumatatu anakuja Tomfearn kulipima birika kuukuu la kupikia wiski ili afue jipya.

"La kwanza kukabidhiwa mimi mwenyewe," akaongeza, makombo ya pai mdomoni. "Nikiliharibu, karakana nzima itasema walijua sitaweza."

Raha ya Innes ilidumu mpaka Jumatatu.

Birika la kukenekea likichakaa, mafundi wa nchi ile hufua jipya lenye umbo lile lile, na kila palipobonyea napo hupabonyeza vilevile, wakiogopa ladha isije ikawakimbia. Birika la Tomfearn lilikuwa na vibonyeo vitatu, na meneja, Mzee Dugald Farquhar, alivijua kama mtu anavyowajua wajomba zake. Asubuhi ile alikuwa amevaa sketi yake ya mirabaraba, ile wanaume wa kwao huvaa siku za heshima, na kuzipaka sharubu mafuta. Morven akapenya nyuma ya birika na chaki yake, akatoka na utando wa buibui kichwani.

"Bwana Farquhar, huku nyuma kuna cha nne."

Mzee hakuwa na habari ya cha nne. Lakini mtu aliyekaa kiwandani miaka thelathini na mmoja atasemaje kwamba hajui? Akasokota sharubu.

"Naam. Hicho ni cha fahali."

"Fahali?"

"Fahali wa babu yangu, mwaka wa ishirini na sita. Aliingia humu akapiga pembe. Tangu hapo ndipo wiski yetu ikapata ule utamu wake."

Innes, aliyekuwa ameshika fagio, alilishika kwa nguvu zaidi. Kibonyeo kile kilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Siku kilipotokea, mvua ilimzuia Innes kutoka nje, naye alikuwa akijiandaa kwa michezo ya kiangazi, ile ya kuzungusha nyundo, tufe zito la chuma kwenye mpini mrefu, mpaka kichwa kimzunguke mtu ndipo airushe. Chumba cha mabirika kina dari ya juu, akaona kitamfaa. Nyundo ikamponyoka, ikaligonga birika kwa nyuma. Alipasugua pale pakang'aa, akaomba Mungu, na hakuna aliyeuliza.

Kufikia Ijumaa fahali alikuwa ameshapata jina, Goliati. Binti anayewatembeza wageni aliwasimulia habari zake mpaka mama mmoja wa Kijerumani akatokwa na machozi. Gazeti la mji likapiga simu. Farquhar naye alianza kuonja "ukali wa pembe" katika kila glasi. Kusema ukweli kulikuwa kugumu Jumatatu, na kila siku kukazidi.

Penzi nalo lilikuwa halingoji mtu.

"Bwana Pai, uko wapi?" Morven alikuwa akimpigia simu.

"Nipo kwenye birika. Moyo ndio unaanza kutoka, usinichanganye."

Maana pombe inayotoka kwanza birikani huitwa kichwa, kali ya kuchoma pua. Mwisho hutoka mkia, unaonuka soksi. Na moyo ulio katikati ndio pekee unaotiwa mapipani. Kazi ya Innes ilikuwa kuijua dakika moyo unapoanza na dakika unapokwisha.

"Na mimi ni kichwa au mkia?"

"Wewe ni moto wa chini, mpenzi. Ndio unaochemsha yote."

"Mh! Umeisoma wapi hiyo? Rudia tena."

Jumapili Morven alikuja chumbani kwa Innes, juu ya duka la fundi cherehani, amevaa gauni la kijani na viatu vya kuchezea dansi. Innes akammiminia wiski ya miaka kumi na miwili.

"Usigugumie kama dawa ya kikohozi. Inuse kwanza, mdomo wazi kidogo. Sasa maji, matone matatu."

"Wanaume wa karakanani wanasema kutia maji ni dhambi."

"Hao pua zao ni za kuvalia miwani tu. Maji yanaifungua. Haya, nusa tena."

Morven akafumba macho. "Tufaha. Asali… Na moshi, lakini wa mbali, kama jirani ndiye anayepika." Akafumbua. "Innes, kumbe ni hivi?"

"Ni hivi," akasema, na hakuwa akiitazama glasi.

Mwezi wa sita simu ililia wakati wa chai.

"Kesho nafua kibonyeo cha fahali," Morven akasema, sauti imejaa furaha. "Nimekiacha makusudi kiwe cha mwisho."

Innes akaona alama ya nyundo yake ikihamia kwenye shaba mpya, ikae humo miaka thelathini. "Kiache tu, mpenzi."

"Nikiache?"

"Yaani… si lazima. Kile ni kigumu."

"Kigumu kwa nani?"

"Morven, sikiliza…"

"Hapa karakanani naambiwa hivyo kutwa. Wewe nilidhani unaniona fundi."

"Sikusema hivyo!"

"Umesema kigumu. Kwaheri, Bwana Cattanach."

Simu ikakatwa. Siku kumi na moja Innes alishika simu akaiweka chini, akaishika tena akaiweka. Angemweleza nini bila kumweleza yote? Farquhar aliwahi kumfukuza mtu kwa kupiga mluzi karibu na matangi ya hamira. Tomfearn ndipo alipofanya kazi baba yake, naye hakujua kazi nyingine. Basi akanyamaza, akakonda, na kila pai ya makaroni aliyoiona dukani ilimtia simanzi.

Siku ya kuliweka birika jipya, paa lilifunguliwa na winchi ikalishusha linang'aa, watu wakapiga makofi. Mwandishi wa gazeti alikuwepo. Mafundi wa Rothes walisimama safu, na Morven mbele yao, ovaroli mpya, nywele amezisuka, hamwangalii mtu. Farquhar akalizunguka birika kwa madaha. Kimoja. Viwili. Vitatu. Akapenya nyuma, akakaa huko muda mrefu. Shaba ya nyuma ilikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Binti, kibonyeo cha fahali kiko wapi?"

"Hakipo, bwana."

"Hakipo vipi? Umesahau?"

Morven akamtupia Innes jicho moja, la haraka. "Andika kwamba nimesahau."

"Kazi yako ya kwanza na ya mwisho hii!" Sharubu zilimtetemeka mzee. "Sitii sahihi. Lirudisheni Rothes!"

Fundi mmoja nyuma akatabasamu pembeni. Innes akamwona, akamwona na Morven akikaza taya asilie. Ndipo alipoelewa. Mtu anayepima shaba kwa ncha za vidole hasahau kibonyeo kikubwa kama bakuli. Alikuwa anajua, na alikuwa anambebea yeye mzigo mbele ya watu wote.

"Bwana Farquhar," akasema. "Hapakuwa na fahali."

"Unasemaje?"

"Fahali ni mimi."

Akaeleza yote: mvua, nyundo, kitambaa cha kusugulia. "Na wiski tunayoiuza hulala mapipani miaka kumi na miwili," akamalizia. "Kila tone ulilowahi kulisifu lilitoka kabla sijaligonga birika. Morven ndiye aliyekufulia birika la babu yako. Mimi nilikuwa nakuachia ulinakili kosa langu."

Farquhar akawa mwekundu, kisha mweupe. Akamtazama mwandishi, akaitazama kalamu ya mwandishi, akakumbuka ule ukali wa pembe. Akaichukua karatasi ya Morven na kutia sahihi.

"Wewe, Cattanach, utageuza shayiri ya kimea sakafuni kwa koleo mpaka Krismasi," akanguruma. "Na huyo fahali sijui nani aliyemleta humu."

Innes akamfuata Morven penye ngazi.

"Ulijua tangu lini?"

"Pembe haiachi duara. Uliponiambia nikiache nilikasirika siku tatu. Ya nne nikapima upana wake kwenye mchoro wangu. Sawasawa na lile tufe la nyundo nililoliona Jumapili ile, umelificha nyuma ya mlango wako."

"Na siku saba zilizobaki?"

"Nilikuwa nangoja unipigie simu, mjinga wewe!" Machozi yakamtoka sasa. "Ningepata karakana nyingine. Wewe ungepata wapi Tomfearn nyingine? Nakupenda, Innes, ingawa leo ningekupiga na hiyo nyundo."

"Morven… sheria inataka pombe ilale pipani miaka mitatu ndipo iitwe wiski. Ya birika hili tutaanza kuitia mapipani mwezi ujao. Nilifikiri, yaani mimi na wewe, tungeingoja tukiwa…"

"Unanichumbia au unanisomea sheria?"

"Nakuchumbia."

"Kwa sauti ya kunong'ona? Sema kama ulivyomsema fahali."

Innes akapanda ngazi tatu. "Morven Geddes, nakuomba uwe mke wangu!"

Spana ikaanguka mahali fulani. Mafundi wa Rothes wakageuka wote, hata yule wa tabasamu la pembeni.

"Haya!" Farquhar akamwambia mwandishi, akishukuru Mungu moyoni. "Andika hilo, na ya fahali yafute."

Mwandishi akaitazama kalamu yake kwa mashaka. "Na hili, bibie, ni la kweli?"

Morven akamshika Innes mkono kwa vidole vyake vyenye masizi. "Hili ni la kweli," akasema. "Andika nimekubali, na uandike na tarehe, nisije nikaambiwa tena nimesahau."