Chupa za Achari

Wanafunzi wa Mwalimu Linet humcheka kimyakimya. Kabla ya kuwapa chupa za utafiti, mwalimu wao huzinusa moja moja. Chupa zimeoshwa, zinang'aa, naye bado ananusa. Hawamuulizi sababu. Sababu iko Suneka, karibu na mji wa Kisii, na ni ya zamani kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Linet alikuwa mwanafunzi wa sayansi katika chuo kikuu, Nairobi. Bwenini alikaa chumba kimoja na Palak, binti wa wenye duka mjini Kisii. Siku zile zilikuwa tamu! Walichemsha chai kwa koili, ingawa koili ilikatazwa. Walibishana juu ya masomo mpaka majirani wakagonga ukuta. Maharagwe ya chuo yakiwachosha, Palak alifungua chupa ya achari ya embe aliyotengeneza mama yake. Hapo maharagwe yale yale yaligeuka karamu. Chupa tupu Linet alizihifadhi chini ya kitanda.

Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Linet alichagua mbu. Mvua za masika zilipoanza, alirudi nyumbani Suneka na chupa zake.

Baba yake, Thadeus, alikuwa mfyatua matofali hodari. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashimo alikochimba udongo. Mvua iliyajaza, naye alifurahi. Maji yale ndiyo aliyokandia udongo mwingine. Mkewe, Esnah, hakulazimika kupanda kilima na ndoo kichwani kutoka mtoni.

"Unatafuta nini humo?" Thadeus alimuuliza binti yake, aliyechuchumaa kando ya shimo na bakuli jeupe.

"Viluwiluwi, Tata. Ni watoto wa mbu. Katika chombo cheupe wanaonekana vizuri. Angalia, huyu ananing'inia kichwa chini. Huyo si wa malaria. Lakini huyu amelala ubapa juu ya maji. Huyu akikua ndiye mbu wa malaria."

Thadeus alicheka hadi akashika kiuno.

"Malaria ni ya watu wa ziwani, omwana one. Sisi tuko milimani. Baridi ya Kisii itamuua huyo kabla hajaota mabawa!"

"Na hilo ni bakuli langu la wageni!" Esnah alipaza sauti kutoka jikoni. "Kwani chuo kikuu hakina mabakuli?"

Thadeus hakuwa peke yake. Wengi pale waliamini hivyo. Mtu akishikwa na homa, walisema amenyeshewa tu. Neti hakuna aliyekuwa nayo.

Linet aliweka maji ya shimo na viluwiluwi ndani ya chupa, akazifunika kwa kitambaa chepesi, akazipanga dirishani.

"Tusibishane, Tata. Tungoje. Baridi ikiwaua, umeshinda."

Asubuhi viluwiluwi wote walikuwa wamekufa.

Lo! Thadeus alichukua chupa moja akaenda kuwaonyesha majirani. "Chuo kikuu kimeshindwa na baridi!" aliwaambia watu kwenye tanuru, kisha sokoni, kisha nje ya kanisa. Linet aliona aibu. Alifikiri hata kubadilisha utafiti wake.

Kisha Esnah akaugua. Alitetemeka chini ya mablanketi, kichwa kikamgonga, akatapika.

"Amenyeshewa shambani," Thadeus alisema. "Mpe chai ya tangawizi."

"Tata, twende hospitali apimwe damu. Homa haijulikani kwa kutazama."

"Baridi itampita tu. Ngoja."

Walingoja. Siku ya pili Esnah alianza kumwita mama yake, aliyekuwa amefariki miaka mingi nyuma. Thadeus hakusema tena habari ya tangawizi. Alimbeba mkewe mgongoni hadi barabarani.

Hospitalini walimpima damu. Ilikuwa malaria kali.

"Mngechelewa zaidi, mngempoteza," muuguzi alisema. "Mama huyu alisafiri wapi? Alikwenda ziwani?"

"Hajatoka Suneka tangu mwaka uanze," Thadeus alijibu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa malaria imetoka wapi?"

Esnah alipopata nafuu, Linet alirudi kwenye chupa zake. Mhadhiri wake alizoea kuwaambia, "Jaribio likikushinda, usilie. Liulize." Akafungua chupa moja, akainusa. Achari! Akachovya kidole ndani ya maji. Kilitoka na utelezi. Viluwiluwi hupanda juu ya maji kupumua, na mafuta ya achari yalikuwa yametanda pale juu. Yaliwaziba pumzi. Baridi ya Kisii ilisifiwa kwa kazi ya mama yake Palak!

Linet alicheka peke yake, machozi yakimtoka. Aliosha chupa kwa maji moto na sabuni, akazisuuza, akazinusa, akaziosha tena. Harufu ilipoisha, alimwita baba yake.

"Safari hii chota wewe mwenyewe, Tata, usije ukasema nimefanya ujanja."

Thadeus alichota. Chupa aliiweka mwenyewe kwenye dirisha lenye baridi kuliko yote. Tangu hapo, kila asubuhi aliitazama kabla ya kunywa chai. Asubuhi moja hakunywa. Chini ya kitambaa walikuwepo mbu, wameinua mikia juu kama wakaavyo mbu wa malaria.

"Wameota mabawa," alisema polepole. Aligeuka akamtazama Esnah, aliyekuwa bado amekonda. "Kutoka kwenye mashimo yangu."

"Kuchimba si kosa, Tata. Kosa ni kuacha maji yatuame. Shimo usilolitumia, lifukie. Unalolitumia, mwaga maji yake kila wiki, kabla viluwiluwi hawajakua. Tulale ndani ya neti. Na homa ikija, hospitali kwanza, tangawizi baadaye."

Thadeus alichukua jembe. Jirani mmoja alimwona akatania, "Unazika nani?"

"Nazika mbu. Lete jembe lako. Wewe pia una mashimo."

Masika yaliyofuata, homa haikuingia nyumba ile. Mashimo ya zamani yaliota migomba. Bakuli la wageni halikurudi kabatini tena. Esnah alizunguka nalo kila wiki, kwake na kwa majirani, akichota na kukaripia: "Huyu amelala ubapa! Mwaga haraka!"

Linet alimaliza masomo, na leo anafundisha chuoni kule kule. Palak aliolewa ng'ambo. Mama yake alifariki, na duka lao mjini Kisii lina wenyewe wengine. Achari ile haitengenezwi tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo Mwalimu Linet huinua chupa na kuinusa. Ikiwa safi, humpa mwanafunzi, kwani ndivyo kazi inavyotaka. Lakini kila mara, kabla ya kuvuta pumzi, hutumaini kidogo kwamba haitakuwa safi.