Mke Wake wa Filme

— Rolande, usisome hiyo message.

— Nimeshaisoma, papa Sylvestre. Mara tatu.

Tulikuwa jikoni kwake Ganshoren, Jumapili mchana, sombe ya majani ya muhogo bado ya moto mezani. Asubuhi hiyo padri wetu, Abbé Josias, alikuwa ametangaza ndoa yetu kanisani kwa mara ya pili: Numbi Sylvestre, miaka sabini, na mimi Rolande, mjane wa miaka sitini na miwili. Anayejua kizuizi chochote aseme. Tangazo likawekwa pia kwenye group ya WhatsApp ya Wakatoliki Wakongo wa Bruxelles, na kizuizi kikasema. Hiki hapa:

"Bonjour wote. Numbi Sylvestre iko na bibi. Ni miye Euphrasie. Papa yangu alikula mbuzi yake mu 1979, na mpaka leo hakuna muntu alikuya kufungua hiyo ndoa. Niko hapa hapa, Anderlecht. Merci."

Group ina watu mia mbili na kumi. Hakuna aliyejibu hata neno moja, lakini wote walikuwa online. Nyie acheni tu.

— Ulimuambia Abbé haujaoa hata siku moja.

— Ni kweli, sijaoa.

— Na huyu Euphrasie?

— Ule ni bibi ya filme.

— Bibi ya filme anakula mbuzi ya kweli?

— Mbuzi alikula papa yake.

Jamani! Nilitaka kucheka, na nilitaka kumtupia sahani, vyote kwa wakati mmoja.

Niwaambie mapema: mimi ni mtu wa kuuliza. Kwetu Bukavu waliniita polisi. Na huyu mzee nilimpenda kwa sababu ya maswali. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nasafisha ofisi karibu na métro Schuman, yeye akiwa mlinzi wa mlango, bado anafanya kazi umri ule. Alikuwa na mwendo wa ajabu, miguu imeachana, mikono inaning'inia karibu na kiuno. Nikamuuliza kama anaumwa nyonga.

— Hapana, maman. Mi nilikuwa cowboy.

Kuanzia hapo kila jioni nilifika na swali jipya. Ndivyo nilivyojua kwamba miaka ya sabini, televisheni ya Lubumbashi ikiwa bado changa, walikuwa wanacheza michezo moja kwa moja hewani, bila kurekodi. Siku moja ukuta wa maboksi ulimwangukia mwenzake katikati ya maneno, naye Sylvestre akaendelea kuongea na miguu iliyokuwa imetokeza. Kisha akaja bwana mmoja, Bienaimé, mwenye kamera moja na kofia kumi, akaanza kutengeneza filme za cowboy kwenye nyasi za barabara ya Kipushi. Farasi alikuwa mmoja.

— Moja? Na kufukuzana munafanya je?

— Mi nakimbia nayo kwanza, banapiga picha. Kisha nashuka, na ule ananifukuza anapanda ile ile.

Nilicheka mpaka nikamwaga ndoo. Kila mara yeye alikuwa jambazi. Katika filme moja alikufa mara tatu, kila mara na kofia nyingine, maana waigizaji walikuwa wachache. Nilikuwa na miaka mingi sijacheka hivyo. Nikampenda, bon, sina la kuficha.

Lakini mambo ya mbuzi hakuwahi kunigusia.

— Anza mwanzo, nikamwambia, nikasogeza sombe pembeni. Huyu bibi arusi alitoka wapi?

— Acteur mukubwa alianguka toka farasi, akavunja muguu. Bienaimé akanipa nafasi yake. Mwisho wa filme nilipaswa kuoa. Sasa ile actrice ya muji hakukuya. Euphrasie alikuwa mutoto wa ile kijiji, myaka kumi na munane, anatupikia. Bienaimé akasema tumuvalishe yeye.

— Papa yake akakubali?

— Alikataa. Alisema mutoto wake hatavaa kanzu ya arusi mbele ya batu bure. Alors Bienaimé akauza mbuzi, jembe na kitambaa, akanituma mimi nipeleke. Miye njo nilijua kusema.

Kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, kuuza ni kununua. Nimezoea.

— Uliingia kwa mzee ukivaa nini?

— Nguo za filme. Na chapeau ya cowboy.

— Akakuuliza nini?

— Kama nitamuchunga mutoto yake.

— Ukajibu?

— Nikajibu ndiyo. Rolande, jua lilikuwa linashuka, Bienaimé alikuwa anapiga makelele! Mi nilikuwa acteur!

— Kamera ilikuwa ndani ya nyumba ya mzee?

Akaanza kukusanya makombo ya mkate kwa kidole.

— Papa Sylvestre. Kamera ilikuwa mule?

— Hapana. Ilikuwa kule kwa shamba.

Kama kamera haikuwepo, alikuwa anamwigizia nani?

Sikumsubiri. Nilichukua simu, nikashuka uani, nikampigia huyo mwanamke mwenyewe kwa namba ya kwenye group.

— Maman Euphrasie, ni Rolande. Ule wa matangazo.

— Nilikuwa nakungoja, maman.

— Unamutaka?

— Nani? Numbi? Akacheka kicheko kirefu. Maman, niko na Jérôme tangu myaka makumi tatu na moja. Tuna batoto ine. Lakini kila mara Jérôme anapeleka vitu kwetu, ndugu zangu banakataa. Papa aliacha neno: hawezi kula mbuzi mbili juu ya mutoto mumoja. Tukiwa na matanga, Jérôme anakaa na bageni, hakai na bashemeji. Iko na myaka makumi saba na ine. Anataka siku moja aitwe bwana yangu.

Hasira niliyoshuka nayo uani sikuiona tena.

— Sasa unataka nini?

— Samedi tutakuya na kaka yangu kurudisha mbuzi. Numbi aipokee kwa mikono yake, nami niko huru. Nawe pia.

Nikajisemea, kumbe ni rahisi hivyo.

Jumamosi wakafika saa tisa. Euphrasie ni mwanamke mnene, mzuri, mwenye macho yasiyoyumba. Kaka yake Guylain alivaa suti na kubeba boksi la barafu. Mbuzi wa Bruxelles hapandi métro akiwa mzima, kwa hiyo walimtoa kwa muuza nyama karibu na Gare du Midi, amekatwa vipande, mguu mmoja ukizuia kifuniko kisifunge. Kitambaa kilikuwa kipya. Jembe lilikuwa bado na karatasi ya bei ya duka la bustani.

— Na papa Jérôme? nikauliza.

— Iko chini, ndani ya gari, akasema Guylain. Hawezi kuingia. Hajakuwa bado shemeji yetu.

Alipanga vitu mezani, akasimama wima.

— Papa Numbi, hivi ni vitu vyako. Vilikaa kwetu myaka makumi ine na sita. Pokea, mambo iishe.

Sylvestre hakunyoosha mkono. Alimtazama Euphrasie. Nikawaza: anamtaka. Baada ya miaka yote hii anamtaka, na mimi nimesimama hapa na trei ya vikombe.

— Siwezi kupokea, akasema.

— Juu ya nini? Euphrasie alisimama.

— Kwanza niseme ukweli. Papa yako hakukuwa mu filme, na miye nilijua. Niliona macho yake. Nikamujibu ndiyo juu nilikuwa na haraka, na kesho yake tukaenda Kolwezi kwa filme ingine. Kisha batu bakaniambia unaningoja. Nikacheka. Nikasema ni bibi ya filme. Nimechekesha batu na iyo histoire myaka mingi.

Niliweka trei chini.

— Nilikungoja myaka kumi na tano, akasema Euphrasie.

— Sikujua ya kukuambia.

— Weye? Weye Numbi ulikosa ya kusema?

Akachukua jembe. Nawaambia ukweli, niliogopa. Lakini alimwekea tu mikononi, kwa nguvu, mpaka mzee akarudi hatua moja nyuma.

— Shika.

Akashika. Akashika kitambaa, akashika na boksi, huku machozi yanamtoka bila kujificha. Guylain akapiga makofi mawili.

— Imeisha.

Euphrasie hakupoteza hata dakika. Alifungua dirisha, akaita mtaa mzima wa Ganshoren usikie:

— Jérôme! Panda!

Tulisikia viatu vyake ngazini, ghorofa tatu, polepole. Mzee mwembamba akatokea mlangoni, kofia mkononi, akasimama pale pale kwenye mkeka. Guylain akavuta kiti karibu na chake.

— Shemeji, ingia. Ikala hapa.

Jérôme alikaa. Akaiweka kofia magotini. Euphrasie akamshika shingo, wakalia wote wawili, na mimi nikalia, ingawa hakuna aliyenialika.

Walipoondoka, Sylvestre alikuwa bado amekumbatia jembe.

— Kesho ni tangazo la tatu, akasema taratibu.

— Hakuna tangazo la tatu.

— Unaniacha?

— Nakupenda, mujinga weye! Hiyo njo inaniudhi. Nilikuuliza maswali miaka mitatu. Hii moja, kama uliisha kuoa, ulinijibu haraka, sawa vile ulimujibu ule mzee. Haukufikiri. Ulitaka tu tupite.

— Nifanye nini sasa?

— Euphrasie anaolewa kwanza. Tutaenda, utakaa kiti cha nyuma, utapiga makofi. Kisha utamuambia Abbé Josias yote, na aanze matangazo toka ya kwanza. Kama ungali unanitaka.

— Nakutaka.

— Umejibu haraka tena. Nenda ukafikiri.

Usiku huo nilishindwa kula. Saa mbili group ikalia: "Kizuizi kimetoka. Batu ba group, mulale sasa. Euphrasie." Mara hii watu sabini wakajibu.

Agosti Jérôme alipeleka vitu vyake kwa ndugu wa Euphrasie, wakavila, kanisa likafuata. Sylvestre alikaa kiti cha nyuma kabisa. Alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu, na alikuwa wa mwisho kuacha.

Matangazo yetu yalianza upya Septemba. Ndoa ikawa Jumamosi moja ya Oktoba, na kanisa lilijaa watu ambao hata hatukuwaalika, mnajua wenyewe walifuata nini. Abbé Josias aliniuliza, nikajibu ndiyo mara moja, maana mimi nilishamaliza maswali yangu. Akamgeukia Sylvestre.

— Numbi Sylvestre, unamukubali Rolande awe bibi yako?

Kimya.

Abbé akakohoa. Akauliza tena. Watu wakaanza kugeukiana, mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama papa amelala. Huyu mtu, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kukosa neno, alinitazama mimi, akatazama sakafu, akanitazama tena. Sikuogopa hata kidogo. Alikuwa anafikiri, na mimi nikamwacha afikiri.

— Ndiyo, akasema.

Sauti ilikuwa ndogo sana, hata viti vya mbele havikusikia.

— Sauti! akapiga kelele Euphrasie kutoka nyuma.

— Ndiyo!

Kanisa lote likalipuka vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshaisikia ile ya kwanza.