Diski Moja Mfukoni

Saa nne asubuhi

Chumba cha nyuma ya duka la feni kilikuwa na meza moja na viti vitatu. Shemeji, kaka wa marehemu mke wa Fundi, alichora ramani juu ya boksi.

"Mlango huu. Ngazi hii. Chumba cha seva hiki. Saa saba walinzi wanakwenda kula, anabaki mmoja. Huyo ni wetu."

Dereva akasonya. "Wenzetu wanavamia benki, sisi tunaiba diski?"

"Ukiuza chache tu unanunua gari na chenji inabaki. Muulize Fundi."

Fundi alijua. Miaka mingi aliendesha nodi nyumbani, kompyuta moja kati ya maelfu zilizobeba mtandao wa blokcheni, kila moja na nakala ya malipo yote. Kisha wakubwa wakaupanua mtandao ubebe malipo mengi zaidi, na nakala ikanenepa. Ikataka diski kubwa na ghali zaidi, umeme zaidi. Wenye nazo wakajaza seva vyumba vizima. Wenye mashine moja chini ya meza wakajitoa kimyakimya. Yake ilijaa ikagoma mwezi uleule aliomzika mkewe. Kwenye kioo cha kompyuta, palipoonyesha majirani, yaani nodi za watu asiowajua zilizosalimiana na yake mchana kutwa, pakasomeka sifuri. Upweke ule ulimtafuna vibaya.

"Sheria moja," Shemeji akasema. "Hakuna kuwasha. Diski ikigusa intaneti tu, inamwita mwenyewe, anajua iliko. Mnunuzi wangu anajua dawa yake. Sisi hatujui."

Saa saba mchana

Ngazi. Mlango. Mlinzi akageukia ukuta. Ndani baridi na mvumo wa mashine. Fundi alichomoa, Shemeji akatia begini. Mkono wa Fundi ulikuwa mwepesi. Diski moja ikazama kwenye mfuko wa koti lake.

"Tayari?"

"Tayari, shemeji."

Walimshusha Fundi kwenye kona ya mtaa wake.

"Mgao wako atauleta Dereva," Shemeji akasema. "Usinipigie. Usije kwangu. Hatujuani."

"Mpaka lini?"

"Aliyetuunganisha alikuwa dada, Fundi. Dada hayupo."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliuma. Gari likaondoka.

Saa kumi na moja jioni

Fundi aliitazama diski mezani mpaka chai ikapoa. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya zamani. Nakala ilikuwa nzima ndani yake, hakuhitaji kusubiri ipakuliwe. Majirani: mmoja. Wanne. Kumi na mmoja. Alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Simu ikaita. Shemeji.

"Diski moja imepungua. Niambie hujaiwasha."

Fundi akatazama idadi ya majirani ikipanda.

"Ichomoe! Usiguse kitu kingine. Nakuja mwenyewe."

Tangu matanga, Shemeji hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Kuchomoa waya ilikuwa kazi ya sekunde, na kumwambia asije lilikuwa neno moja tu. Dirishani, magari mawili meupe ya polisi yalikuwa yanajipanga taratibu ng'ambo ya barabara.

"Karibu, shemeji," akasema. "Mlango uko wazi."

Alibandika chai upya, akasogeza kiti cha pili mezani. Shemeji aliingia mbio, akainamia mashine, akaukamata waya. Nyuma yake buti zikajaa sebuleni.

"Umeniuza, Fundi."

"Hapana," Fundi akasema huku akimimina kikombe cha pili. "Nilitaka tu uje."