Jina Lililomtuliza Ndaki

Wiki nzima ilipita kopo la sukari likiwa bado limejaa, na hapo ndipo Nyamizi alipojua kuna jambo nyumbani kwake.

Mtu asiyemfahamu Ndaki hawezi kuelewa. Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu tu, lakini mtaani kwao Ngokolo sifa zake zilikuwa zimeshavuka mpaka upande wa pili wa barabara. Ndiye aliyetumbukiza simu ya mjumbe kwenye ndoo ya maji. Ndiye aliyewamwagia kuku unga wa ugali, kisha akavaa sufuria kichwani na kutoka mbio, uchi, mpaka dukani kwa Abel. Nyamizi alizoea kupika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika fulana ya Ndaki.

Sasa Ndaki alikuwa amekaa kwenye kona ya sebule, mgongo ukutani, magoti ameyakunja, kama kibarua anayepumzika. Alikuwa na kijiko. Alikigonga sakafuni mara tatu, akatulia, akalaza sikio kwenye saruji. Kisha akagonga tena mara tatu.

"Ndaki," Nyamizi aliita.

Hakugeuka.

"Donatus."

Akageuka.

Jina hilo lilikuwa na wiki moja. Ndaki alikuwa amelia siku tatu mfululizo, halali, hali, homa hana, na zahanati walimpima wasione kitu. Mama mkwe, Bibi Mageni, akapanda basi kutoka kijijini, akampakata mjukuu na kufanya kama wanavyofanya Wasukuma tangu zamani: kumtajia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo analolitaka. Alitaja wa upande wa baba wakaisha. Akataja wa upande wa mama. Ndaki alizidi kulia. Jilala, baba yake, ambaye alikuwa amerudi kutoka kwenye machimbo ya Geita na hajalala siku hizo zote tatu, akasema kutoka kitandani, "Labda Donatus."

Ndaki akanyamaza papo hapo.

"Donatus ni nani wa kwetu, mwanawane?" Bibi Mageni aliuliza.

"Babu yake shangazi," Jilala akajibu, na wakati bibi anamfunga mtoto mkononi ushanga mweupe wa kulithibitisha jina, yeye alikuwa ameshaanza kukoroma.

Mwanzoni majirani walimpongeza Nyamizi. Ndaki hakugusa tena kuku wala unga. Alikula alichopewa, alikaa alipowekwa. Halafu ikaja harufu, ya udongo mbichi wa chini sana na ya baruti, nayo ilitoka mdomoni mwa mtoto kila alipopiga miayo. Nyamizi alimwogesha kwa sabuni, akamwogesha tena. Alitaka kuogopa, ila hofu haikumjia. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, akaendelea kuchambua mchele.

Alikuwa anachambua mchele huohuo, mchana wa jua kali, redio ya jirani ikitangaza mechi, Ndaki alipogonga kijiko chake mara tatu na kulaza sikio, na kabla hajainua kichwa, chini ya sakafu ile ambayo Nyamizi mwenyewe aliona fundi akiimwaga, chini sana, mahali ambapo hapana chumba wala bomba wala chochote isipokuwa ardhi, kitu kikajibu, mara moja, mara mbili, mara tatu, polepole, kama kinachotumia nguvu zake za mwisho, na mtoto wake akatabasamu.

Nyamizi aliweka ungo chini, akaenda kumwamsha mumewe.

"Baba Ndaki," alinong'ona. "Donatus ni nani?"

"Si nilishasema?"

"Shangazi nimempigia simu. Hamjui."

Jilala aliketi. Alichukua muda mrefu kuvaa shati.

"Tulikuwa naye duarani, kwenye shimo la kuchimbia kule Geita," alisema kwa sauti ya chini. "Kijana wa Kasulu. Shimo liliporomoka yeye akiwa ndani. Alikuwa anagonga mwamba. Mara tatu, ananyamaza. Mara tatu, ananyamaza. Tulifukua siku mbili. Siku ya tatu wakaniambia nilaze sikio, nisikilize kama bado yupo. Nikawaambia ameshanyamaza. Wakaacha kufukua."

"Alikuwa amenyamaza?"

Jilala alitazama mikono yake. "Nilikuwa nimechoka, Mama Ndaki."

Nyamizi hakumtukana. Alimfunga mtoto mgongoni, wakachukua bodaboda mbili hadi Ibadakuli kwa mganga, Bi Mwanaima. Mama huyo alinusa kinywa cha mtoto mara moja tu, akarudi nyuma.

"Huyu siye marehemu," alisema. "Marehemu ana kosa gani na mtoto wa watu? Hili ni jini la shimoni. Lilikaa na yule kijana gizani mpaka akakata roho, likalichukua jina lake, na nyinyi mkalifungia ushanga. Zikitimia siku arobaini, mtoto wenu harudi."

"Tufanye nini, mama?" Nyamizi aliuliza kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Aliyelitoa jina ndiye alirudishe. Baba, utautupa ushanga huu shimoni, jua likiwa juu, useme: jina lako hili, chukua. Kisha uondoke. Utaitwa. Usiitike, hata ukisikia sauti ya mama yako mzazi. Ukiitika, umelibeba wewe."

Jilala aliondoka Alhamisi alfajiri. Saa saba na nusu mchana kijiko kiliruka na kugonga kabati. Ndaki alipiga kelele, akasimama, akaliendea kopo la sukari na kujimwagia lote kichwani, akicheka. Mdomo wake ulinuka maziwa. Nyamizi alingoja machozi ya furaha. Hayakuja. Akachukua ufagio.

Jilala alirudi kesho yake. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja hadi kwenye kona ya sebule, akakaa, mgongo ukutani, akakunja magoti.

"Uliutupa?"

"Niliutupa."

"Ukaitwa?"

"Donatus aliniuliza kama nimechoka," alisema.

Nyamizi alisonga ugali, akatenga. "Baba Ndaki, karibu." Hakugeuka. "Jilala." Alikuwa amelaza sikio sakafuni, na kidole chake kiligonga saruji mara tatu. Nyumba nzima ilinuka udongo mbichi.

Nyamizi alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anajipaka mlenda kwenye nywele huku akimwimbia kuku.

"Donatus," alisema taratibu. "Chakula kinapoa."

Jilala akageuka, akaja kunawa mikono.

Hapo ndipo ganzi ilipomwachia Nyamizi. Kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu, kwamba aliyechukuliwa si mtoto, na alipotambua kuwa ni nafuu, ndipo alipoogopa.